Kitufe Chenye Rangi ya Ukuta

Mgeni alifika Jumatano saa nne asubuhi, wakati Wizara ya Sura Moja haikuwa ikitarajia mgeni wala tatizo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba. Kisanduku cha kompyuta alikuwa amekifunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto, na kioo chake alikuwa amejitwika kichwani juu ya kata. Alisimama getini akasema anamtafuta mtu aliyetengeneza rangi.

Mzee Pazi, mlinzi wa geti, alimtazama kuanzia kioo mpaka kandambili.

"Mama, humu ndani kila mtu ametengeneza rangi. Kuna kamati nne."

"Namtaka aliyeitengeneza kwa mkono wake. Si aliyeikalia kikao."

Hapo Mzee Pazi akajua kwamba anayetafutwa ni Siwema, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Akampa mgeni koti la krimu, maana hakuna aliyeruhusiwa kuingia Wizarani akiwa na rangi yake mwenyewe. Kompyuta nayo akaifunika kitambaa cha krimu, akaiandika kwenye daftari la wageni: "Mmoja, mwanamke. Mmoja, mashine." Kisha akawapandisha ghorofani wote wawili.

*

Nchi ile haina haja ya kutajwa jina, kwa kuwa haipo. Lakini ilipokuwa haipo hivyo hivyo, ofisi zake zote zilitumia Linux, mfumo wa kompyuta usiouzwa, ambao kila anayeuchukua anaweza kuuvika sura aipendayo. Sura hizo huitwa mazingira, na kila wizara ilikuwa imejichagulia yake. Kilimo walitumia mazingira yaliyoitwa Kiota, ambamo kitufe cha kufunga dirisha hukaa kushoto. Hazina walitumia Jabali, ambamo kitufe hicho hukaa kulia. Afya walitumia Upepo, ambamo kitufe hicho hakipo kabisa na mtu anatakiwa ajue mwenyewe la kufanya. Programu iliyozaliwa Kiota ikihamishiwa Jabali ilionekana kama mtu aliyekuja msibani na nguo za harusi: ilikuwa na haki ya kuwapo, ila kila mtu aliikodolea macho.

Wananchi walikuwa wamezoea. Asiyezoea ni Mkuu wa Nchi. Siku moja alifanyia mazoezi hotuba yake kwenye mashine ya Hazina, kisha akaenda kuisoma kwenye mashine ya Kilimo, mbele ya mabalozi. Alipotaka kuzikuza herufi alibonyeza pale alipozoea, na hotuba nzima ikafungika. Alisimama kimya kwa dakika nne. Mabalozi walidhani ni kumbukumbu ya mashujaa, nao wakasimama.

Ukimya ulipoisha, Mkuu wa Nchi alisema: "Taifa lenye kona kali huku na kona za mviringo kule haliwezi kujua kama linakuja au linakwenda." Kabla ya magharibi Wizara ya Sura Moja ilikuwa imezaliwa, ina waziri, ina bendera, na ina magari.

Siwema Lukindo alikuwa ametoka chuoni mwezi ule ule. Tasnifu yake ilihusu jambo hilo hilo hasa: namna ya kuzifanya programu za kila aina zifanane, popote zinapofunguliwa. Hakuiandika kwa ajili ya Mkuu wa Nchi. Aliiandika kwa ajili ya mama yake, karani wa majalada, ambaye alihamishwa kutoka Hazina kwenda Afya akiwa na miaka hamsini na mbili, akarudi nyumbani siku ya kwanza akilia kwa sababu hakujua jinsi ya kufunga dirisha. "Nimewaacha wafunge wenyewe," alisema mama yake. "Nimetoka kama mwizi." Siwema aliamini kwamba mtu aliyejifunza kompyuta moja kwa jasho lake anastahili kuzijua zote. Alipoitwa kazini alikwenda mbio.

Kamati ya Kona ilikaa vikao kumi na kimoja, ikaamua kwamba kila kona ya dirisha ipindwe kwa nukta sita za kioo, na wajumbe watatu wakaandika maoni tofauti kutetea saba. Kamati ya Rangi ilichagua Krimu ya Taifa, rangi ya ukuta wa baraza ya Mkuu wa Nchi. Kipande cha lipu kilikwanguliwa na profesa, kikaletwa Wizarani kwa msafara wa pikipiki. Kamati nyingine mbili zilizisimamia hizo mbili. Siwema alikaa kwenye meza karibu na choo, akaandika mandhari yenyewe, yaani maelekezo yanayoziambia programu zivae nini.

Na mandhari ile ilipendeza. Hilo lazima lisemwe. Kiota, Jabali na Upepo, zote zilifunguka zikiwa na sura moja, tulivu, kitufe cha kufunga kikiwa mahali pamoja. Mama yake Siwema alijaribu mashine tatu mfululizo, akazifunga zote, akacheka.

Kulikuwa na doa moja tu. Programu za Linux zina koo mbili. Zile za ukoo wa kwanza huiuliza mandhari mambo mawili: ukuta, yaani sehemu iliyo nyuma ya maandishi, uwe rangi gani, na maandishi yawe rangi gani. Zile za ukoo wa pili huuliza ukuta tu. Maandishi hujichagulia zenyewe. Na fomu nyingi za serikali zilikuwa za ukoo wa pili, zilizojengwa zamani kwenye ukuta mweusi, na neno "Hapana" ndani yake liliandikwa kwa herufi za krimu ili lionekane vizuri.

Alhamisi moja kabla ya uzinduzi, Siwema alifungua fomu ya aina hiyo kwenye mashine kuukuu ya stoo. Aliona kitufe cha kijani chenye neno "Ndiyo", na pembeni yake uwazi. Alisogeza kipanya kwenye ule uwazi, nao ukatikisika kidogo. Krimu juu ya krimu. "Hapana" ilikuwapo, ila imevaa rangi ya ukuta.

Alifungua daftari lake akaandika: *Herufi za Hapana. Baadaye.* Uzinduzi ulikuwa kesho yake, bendi ilikwisha kufika, na alikuwa na hamu kubwa kwamba kitu kimoja katika nchi ile kiende vizuri. Uzinduzi ukaenda vizuri. Wakamvisha nishani. Ukapita mwezi, ikapita miezi minane, na kila alipolifungua daftari lile alianzia ukurasa wa mbele zaidi.

*

"Shikamoo, mama," Siwema alisema, akimsaidia mgeni kutua kioo.

"Marahaba. Wewe ndiye wa rangi?"

"Ni mimi."

Mgeni alimtazama. "Mbona mdogo hivi."

Aliitwa Tunu Machano, karani wa ardhi wa Bonde la Mtonga, safari ya siku moja na nusu. Hakusema mengi. Aliifungua kanga, akaunganisha nyaya mwenyewe, akawasha. Mashine ilichukua muda mrefu kuamka. Ilipoamka ilikuwa nzuri sana: kona nukta sita, kitufe cha kufunga mahali pake. Siwema aliona aibu, maana jambo la kwanza lililomjia ni furaha.

Kisha Bi. Tunu akafungua fomu iliyoitwa Hiari. Iliuliza: *Je, unatoa shamba lako kwa Taifa kwa hiari yako?* Chini yake, kijani: *Ndiyo*. Pembeni, ukuta.

"Familia arobaini na moja," Bi. Tunu alisema. "Walikuja kukataa. Walivaa hata viatu. Nikawasomea swali, tukatafuta pa kukatalia, maana kabla ya rangi hii palikuwapo. Tulitafuta juu, tukatafuta chini. Mzee mmoja aliniambia nikigeuze kioo tuangalie nyuma. Nikapiga simu makao makuu, wakaniambia, bonyeza unachokiona."

"Mngeifunga tu fomu, mama."

"Haifungiki bila jibu. Na mashine ni moja, ndiyo hiyo hiyo ya vyeti vya kuzaliwa. Siku ya tatu nilikuwa na kina mama na vichanga mpaka barabarani. Bwana Wilaya akaja akasema nazuia watu kuzaliwa." Aliinua kidole cha shahada. "Nikabonyeza. Mmoja baada ya mwingine, kwa kidole hiki. Shamba la mama yangu mzazi lilikuwa la kumi na tisa."

"Hamkupeleka malalamiko?"

"Tulijaza fomu ya malalamiko. Mwisho inauliza kama umeridhika na huduma. Kuna Ndiyo peke yake. Nimeridhika mara saba."

Siwema alikishika kipanya. Akakipeleka kwenye ukuta mtupu, nukta chache kulia kwa kijani, akabonyeza. Mashine ikaandika: *Umekataa. Ahsante kwa kushiriki.*

Bi. Tunu aliinama karibu na kioo.

"Kwa hiyo lilikuwapo," alisema.

"Lilikuwapo, mama."

"Muda wote tunatafuta."

"Muda wote."

"Na wewe ulijua."

Siwema angeweza kusema kwamba kompyuta zina mambo mengi. Ni kweli kwamba zina mambo mengi, na watu wa Wizara ile walikuwa wamejengea nyumba ukweli huo. Alifungua droo, akatoa daftari, akamwonyesha mstari. *Herufi za Hapana. Baadaye.*

Bi. Tunu aliusoma mara mbili, akarudisha daftari taratibu, kama cheti cha mtu.

"Njia nzima nilijua nitakuta mtu mbaya," alisema. "Nilikuwa nimeshapanga na maneno."

"Sema tu, mama."

"Hayakufai. Niliyapanga kwa mtu mzima."

Akaanza kukunja nyaya. Siwema alimwambia kwamba jibu la Hiari linaweza kubadilishwa mpaka litakapopigwa muhuri. Basi arudi, awaite watu, abonyeze pale kwenye ukuta. Bi. Tunu alitikisa kichwa. Walikuwa wamekwisha kulifikiria jambo la kubonyeza bonyeza, na Bwana Wilaya aliwasomea kanuni: jibu halali ni lile ambalo mwananchi amelisoma kabla ya kulibonyeza. Kubonyeza kisichoonekana ni kubahatisha, na kubahatisha na mali ya Taifa ni kosa.

"Muhuri ni lini?"

"Ijumaa saa tisa alasiri. Jumatatu matrekta."

"Wewe panda basi la leo," Siwema alisema. "Ijumaa saa nane nitakupigia mimi mwenyewe. Sitakata simu mpaka ulione neno hilo kwa macho yako."

"Usiniahidi makubwa, mwanangu."

"Hili ni dogo. Ni simu tu."

*

Waziri wa Sura Moja, Mheshimiwa Kasimbazi, alikuwa mtu mpole aliyependa kusifu. Siwema alimkuta amesimama mbele ya ramani ya nchi. Wilaya zote zilikuwa za kijani.

"Asilimia mia, binti," alisema. "Tangu tupate bendera hatujawahi kuwa na wananchi wenye umoja namna hii. Zamani swali moja lilileta majibu mawili. Mawili. Mtu unapangaje maendeleo?"

Siwema alimweleza habari ya koo mbili, ya krimu juu ya krimu. Alieleza vizuri, kwa mifano. Waziri alisikiliza mpaka mwisho.

"Kitufe kipo?"

"Kipo, Mheshimiwa."

"Ukikibonyeza kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Basi haki ipo. Sisi hatukuiondoa. Tumeilinganisha na ukuta."

"Watu hawaioni, Mheshimiwa."

"Haki nyingi hazionekani, lakini zipo kwenye Katiba." Akamkaribisha kiti, akammiminia chai yeye mwenyewe. "Hata hivyo nakusikia. Jaza fomu ya kuomba badiliko. Kamati ya Rangi inakaa Machi."

"Muhuri wa Mtonga ni Ijumaa."

"Ndiyo maana nasema Machi." Alisukuma kikombe mbele yake. "Na fikiria na wengine, binti. Wilaya nne zilikwisha kupigwa muhuri. Ukikionyesha kitufe Ijumaa, wale watauliza kwa nini wao hawakuonyeshwa. Utawajibu nini?"

Siwema hakuwa amejua habari ya wilaya nne. Alikishika kikombe, hakunywa. Watu wa wilaya nne nao walikuwa wamevaa viatu, wakatafuta juu, wakatafuta chini. Na huko hakukuwa na karani wa kufunga mashine mgongoni.

"Barua yako ya Ukurugenzi iko mezani kwangu," Waziri alisema kwa upole. "Nilitaka niitie saini Ijumaa. Tuiache iwe siku nzuri."

*

Ijumaa asubuhi Siwema aliandika mstari mmoja. Mstari huo uliziambia programu za ukoo wa pili: maandishi nayo, mniulize mimi. Ulikuwa mfupi kuliko jina lake. Miezi minane, nishani moja, wilaya nne, na dawa yake ilikuwa mstari mmoja ambao angeuandika ile Alhamisi kabla bendi haijamaliza kupanga viti.

Kila badiliko lililopelekwa kwenye mashine za Taifa lilipaswa kutiwa saini na mtu mmoja, na jina la mtu huyo lilijitokeza kwenye vioo vyote, ili ajulikane wa kusifiwa. Kwa kawaida lilitokea la Waziri. Saa saba na nusu, kwenye kila kioo cha nchi ile, yalitokea maneno: *Badiliko limetiwa saini na Siwema Lukindo.*

Bungeni walikuwa katikati ya kura. Wabunge waliona kitufe cha pili kimejitokeza kando ya kile walichokizoea, na kadhaa wakakibonyeza ili kujua ni cha nini. Mbunge mmoja mkongwe aliomba mwongozo wa Spika kuhusu maana ya neno lile. Spika alisema atalitolea maelezo baadaye.

Saa nane kamili Siwema alipiga simu.

"Mwanangu," Bi. Tunu alisema. Nyuma yake zilisikika sauti nyingi, na kuku. "Umeme ulikatika. Umerudi sasa hivi. Ndiyo kwanza naiwasha."

"Nasubiri, mama."

"Unajua mwenyewe inavyochelewa."

"Najua. Nasubiri."

Simu ya Siwema ilikuwa ya zamani, isiyoweza kushika watu wawili kwa mpigo. Ilianza kulia mlio mfupi sikioni: mtu mwingine anapiga. Alitazama kioo chake kidogo. Mheshimiwa Kasimbazi. Mlio ukakoma, ukaanza tena.

Mlango ulifunguliwa, Mzee Pazi akaingia. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Binti, Mheshimiwa anasema upokee simu yake."

"Nina mtu, mzee wangu."

"Namwambia hivyo hivyo, anasema kata. Anasema useme ilikuwa bahati mbaya, yeye atairudisha rangi kama ilivyokuwa, na mambo yatakwisha. Ila useme kabla ya saa tisa; bila neno lako haweki jina lake kwenye vioo." Aliizungusha kofia. "Anasema na barua bado iko mezani."

"Na nisipopokea?"

"Nikutoe nje. Nichukue kitambulisho na koti. Kuna gari getini, nalo si la Wizara."

Siwema alifunika simu kwa kiganja. "Mzee wangu, umeambiwa unikatie simu?"

Mzee Pazi alifikiri kwa uaminifu wote wa miaka thelathini ya kulinda mageti.

"Hilo sikuambiwa," alisema. "Nimeambiwa nikutoe."

Wakatoka. Siwema alishuka ngazi simu ikiwa sikioni, akapita Kamati ya Kona iliyokuwa imesimama kwenye korido bila kumtazama, mlio mfupi ukilia, ukinyamaza, ukilia. Upande wa pili alisikia watu wakikohoa, mtoto akibembelezwa, na feni ya mashine kuukuu ikipanda pumzi. Getini gari lilikuwa limefungua mlango. Saa ya ukutani kwa Mzee Pazi ilisema saa nane na dakika arobaini. Akasimama pale, mkono mmoja ukijaribu kuvua koti.

"Bado, mama?"

"Bado. Imeandika jina lako, imenyamaza."

"Haya."

"Kuna mtu anakusumbua huko? Nasikia mlio."

"Hapana, mama. Endelea kuangalia."

Ulilia mara nyingine mbili. Kisha ukanyamaza, na haukurudi.

"Imefunguka," Bi. Tunu alisema. Sauti za nyuma yake zikazimika zote kwa pamoja. "Naona swali. Naona kijani. Na pembeni yake..."

Hakumaliza. Siwema alisikia sauti ya kikongwe ikiuliza kwa mbali, "Linasemaje hilo, Tunu?"

"Linasema Hapana, mama. Sogea. Weka kidole hapa."

Ukasikika mbofyo mdogo wa kipanya. Kisha mwingine. Bi. Tunu alirudi kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimeliona, mwanangu. Waweza kukata."

"Ahsante, mama."

"Na wale wa kwingine? Wanasema kuna ambao walishapigwa muhuri."

Siwema alitazama geti, ukuta, gari. Vyote vilikuwa vya rangi moja.

"Wapo," alisema. "Wilaya nne."

Bi. Tunu hakumfariji. "Haya," alisema. "Foleni ndefu, ngoja niwahudumie hawa." Akakata yeye.

Siwema alimaliza kuvua koti la krimu. Ndani alikuwa amevaa gauni la bluu lenye maua mekundu ambalo Mzee Pazi hakuwahi kuliona kwa miezi minane yote. Alilikunja koti vizuri, akaweka kitambulisho juu yake, akampa.

"Umemaliza, binti?"

"Hao wa Mtonga tu," alisema Siwema, akaingia kwenye gari.